Mlinzi wa Kitabu cha Majina

Kalengera, 4 Februari 2019

Mwanangu Joviale,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi wazima, maharage yanakauka vizuri, na mama yako Léocadie anasema usipokuja kabla ya Pasaka atakufuata huko Ndosho mwenyewe. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu na sikio langu la kushoto hazipatani tangu zamani, na la kulia limeanza kumfuata ndugu yake. Ruffin atakuletea barua hii na lori lake la maharage.

Nina habari njema na ombi dogo. Unaikumbuka kompyuta ambayo mume wako Kasereka aliniachia kabla ya kwenda Kampala kutafuta vitenge vyake. Unajua pia nilichoandika ndani: majina ya watoto wote niliowafundisha hapa kwa miaka thelathini na minane. Wako 1,614, kila mmoja na mwaka wake na jina la mzazi wake. Daftari za shule zilikwisha, nusu mvua, nusu mchwa. Kwa hiyo majina hayo hayapo popote tena ila ndani ya mashine hii na kichwani mwangu, na kichwa changu siku hizi si mtu wa kumtegemea. Tarehe 30 Machi shule inatimiza miaka hamsini, na padri wetu, Abbé Hitimana, ameahidi kuyasoma yote kwa sauti, mbele ya watu wote.

Basi habari njema ni hii: kitabu kimepata mlinzi. Anaitwa Gardien Total. Mpwa wangu Achille ndiye aliyemweka, mwezi wa Januari. Kila asubuhi nikiwasha mashine, kabla hata sijavua kofia, ananipa ripoti: virusi 213, hatari kubwa, kwa wino mwekundu, na orodha yenye namba. Unajua mimi ni mtu wa ripoti. Sina mwalimu msaidizi aliyewahi kunifanyia kazi kwa bidii hiyo.

Ombi langu: anasema ifikapo Machi mosi lazima apewe namba fulani ya siri, ambayo hununuliwa kwa kadi ya benki. Asipoipata, nibonyeze mahali palipoandikwa « Nettoyer tout », asafishe kila kilichoambukizwa. Anadai nyaraka zangu zote zimeambukizwa, na kitabu kimo humo. Mimi na kadi ya benki tunasikiana redioni tu. Wewe unatengeneza mashine za watu kila siku, utajua namba hiyo inauzwa wapi.

Baba yako,
Kataliko Émile, mwalimu mstaafu


Ndosho, 8 Februari 2019

Papa mheshimiwa,

Nimepokea barua yako nikiwa mezani kwangu na simu sita zilizofunguliwa matumbo, nikaziacha zote nikaisoma kwanza. Samahani bahasha haina jina. Miezi minane tu tangu niingie katika familia yako, na tate yangu, bibi yangu wa Masisi aliyenilea, alinifundisha kwamba mwanamke hamtaji baba wa mume wake kwa jina, wala hakai juu ya kiti chake, wala haingii chumba anacholala. Ruffin aliniuliza bahasha ni ya nani, nikamwambia ni ya mwalimu. Akasema inatosha.

Papa, kabla ya mambo ya namba ya siri, niruhusu nikupigie hadithi ya mama mmoja wa hapa Ndosho. Naye alipata mlinzi kwenye mashine yake. Hakukumbuka vizuri alivyoingia. Kutoka siku ya kwanza mlinzi huyo alipiga kelele, akahesabu maadui mia mbili kwa muda wa kuchemsha chai, akamwekea siku ya mwisho, akataka kulipwa kwanza ndipo afanye kazi. Mashine haikuwa na mtandao wala hakuna kitu kilichoingizwa ndani, lakini maadui walikuwa wale wale kila asubuhi. Mlinzi wa kweli huwa kimya kama mbwa mzuri, unamsikia siku mwizi akija. Yule wa mama alikuwa anatupa mawe juu ya bati mwenyewe, halafu anakuja mlangoni kuuza bati jipya.

Ni hadithi tu. Lakini tafadhali usibonyeze kitu kwa sasa, hasa hapo pa « Nettoyer tout ». Ingekuwa vizuri Ruffin aniletee mashine niitazame. Ningekuja mwenyewe, lakini najua betri ya sola imefungwa chumbani kwenu na mashine iko hapo, miguuni pa kitanda.

Msalimie mama sana.

Mtoto wako,
Joviale


Kalengera, 12 Februari 2019

Mwanangu Joviale,

Nimecheka mpaka mama yako akaja kuuliza kuna nini. Pole sana kwa yule mama wa Ndosho. Watu wengine huamini kila kitu wanachosomewa. Umwambie kutoka kwangu ajifunze kuuliza kabla ya kukubali, na asikate tamaa, maana hata wajinga wana nafasi mbinguni.

Mimi nashukuru nilipata mlinzi wa aina nyingine. Wa kwangu ana ripoti zenye namba na tarehe, na chini kabisa ana kitu kama muhuri. Nimempa 17 juu ya 20. Hizo tatu nimemkata kwa sababu ya sauti yake: jana alianza kulia kama king'ora katikati ya rozari, kwenye fumbo la nne. Mama yako alisema, "Muzee, iyi mashine yako inalalamika kupita mutu mwenye anaumwa meno." Nikamjibu kwamba askari halali.

Mashine kusafiri juu ya magunia, hapana. Barabara hiyo imevunja mayai, vioo na ndoa mbili ninazozijua. Na kama namba ya siri haipatikani, usihangaike. Nimeamua: Machi mosi, baada ya misa, nitabonyeza « Nettoyer tout » na kitabu kitabaki safi.

Baba yako,
Kataliko Émile


Ndosho, 16 Februari 2019

Papa mheshimiwa,

Naandika haraka lori la Ruffin lisiniache, nisamehe mwandiko. Ninakuomba kwa magoti: usibonyeze. Siwezi kukuambia zaidi ya hapo juu ya mlinzi wako, kwa sababu wewe ni baba wa mume wangu na mimi si mtu wa kukusahihisha. Lakini mwalimu anaweza kumpa mtihani mtu yeyote, hata askari. Umempa 17 bila mtihani, Papa. Je, ungefanya hivyo kwa mtoto wa darasa la sita?

Mtihani wenyewe ni huu. Kwa siku nne nakili orodha yake yote ya maadui, siyo hesabu peke yake, bali majina na mpangilio. Siku ya tatu, umfungulie ukurasa mpya usio na neno hata moja, umwache aukague. Halafu, kama Abbé naye ana mashine, tazama wanaosumbua ya kwake.

Na tangu leo, tafadhali weka nakala ya kitabu kwenye clé, ile flashi ndogo ya bluu aliyokuachia Kasereka. Ukishanakili, uichomoe na kuitia mfukoni. Ukipenda ivae shingoni pamoja na msalaba.

Joviale


Kalengera, 21 Februari 2019

Mwanangu,

Sifuri. Nimempa sifuri, nikaizungushia wino mwekundu mara mbili.

Kaa unisikilize. Siku ya kwanza maadui 213. Siku ya pili 213, majina yale yale, kwa mpangilio ule ule. Siku ya tatu nikamfungulia ukurasa mtupu, akapata 213, na ukurasa mtupu nao umeambukizwa. Siku ya nne nikachukua daftari langu nikaenda kwa Abbé Hitimana. Mashine ya Abbé ina mlinzi yuleyule. Nikaketi, nikaweka vidole viwili juu ya mistari, wangu na wake, kama nilivyokuwa nikifanya na karatasi za watoto waliokaa benchi moja. Namba 1, sawa. Namba 17, Farasi wa Troya, sawa. Namba 88 inasema virusi wamekaa ndani ya picha za likizo ya ufukweni. Mimi na likizo ya ufukweni wapi na wapi? Na Abbé je?

Miaka thelathini na minane nimekamata wanaonakili, Joviale. Nimekamata waliokuwa wameandika majibu kwenye goti. Huyu hakujaribu hata kubadilisha neno moja. Hajawahi kutazama ndani ya mashine yangu hata siku moja, alikuja na karatasi yake imeshaandikwa nyumbani. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilimpikia chai njiani.

Kisha nikarudi kusoma barua yako ya tarehe 8, nikakutana tena na yule mama wa Ndosho. Nimemtambua. Ana kofia yangu.

Sasa sehemu mbaya. Jana, kwa hasira, nilitaka kumfukuza mwenyewe. Nikatafuta mahali pa kumtoa. Kabla sijafika akafunika kioo kizima kwa rangi nyekundu, na alipoondoka, kitabu hakikuwepo. Pale kilipokuwa pana weupe tu. Sikubonyeza « Nettoyer tout », nakuapia. Ile clé ya bluu niliitafuta tangu barua yako ilipofika, sikuipata, nikasema nitaitafuta vizuri Jumamosi.

Watoto 1,614, Joviale. Nimejaribu kuwaandika upya kutoka kichwani na nimefika 212, halafu nikalia.

Kataliko Émile


Ndosho, 23 Februari 2019

Papa,

Usilie. Walaghai wa aina hii mara nyingi huficha faili ili mtu aogope na kulipa. Wanafunika kitu kwa shuka, na shuka tunaweza kuliondoa. Siwezi kukuahidi, lakini nina matumaini makubwa. Zima mashine, na usiandike kitu kingine ndani yake.

Kama unataka kujaribu kabla sijapata njia: unapowasha, kabla picha ya kwanza haijatokea, bonyeza F8. Mashine itakuuliza iamkeje, uchague « mode sans échec ». Huko inaamka na watu wa nyumbani tu, wageni wanabaki nje, na mlaghai hawezi kujifunika usoni. Ukifika hapo usiendelee, niandikie.

Jambo moja zaidi, na naliuliza kwa heshima yote. Nikijua alikoingilia, nitajua kama alileta ndugu zake. Nilikutana na Achille hapa Goma, amekuja kununua misumari. Anasema hajawahi kuigusa mashine hiyo. Papa, siku ile ulikuwa unatafuta nini?

Joviale


Kalengera, 26 Februari 2019

Binti yangu Joviale,

Ni mimi mama yako Léocadie, naandika mwenyewe, uvumilie mwandiko. Mwalimu hajui kama ninakuandikia. Siku tatu sasa anakula robo ya sahani. Hiyo F8 yako anaibonyeza kama mtu anayebisha hodi kwa askofu: mara moja, polepole, kisha anaondoa mkono na kungoja kwa adabu. Mashine inampita na kuamka na yule shetani mwekundu. Nilimwambia, "Gonga sana, Muzee, gonga kama watu benye banadai deni yabo." Hawezi. Hakulelewa hivyo.

Najua kwa nini hukuja. Tate yako alikulea vizuri na sitaki umvunjie neno kwa ajili yetu. Kwa hiyo jana nilimwita Ruffin na watu wake wawili, tukahamisha kitanda. Kimeenda kwenye chumba cha mahindi, na mahindi yamehamia jikoni. Kile chumba cha betri si chumba cha kulala tena. Nimefagia, nimeweka viti viwili na kitambaa juu ya meza, na nimeandika kwa chaki mlangoni: BUREAU. Tate yako hakukataza mukwe kuingia ofisini.

Chini ya godoro tulikuta clé ya bluu. Panya ameila, samahani. Hiyo haisemi kitu tena.

Njoo.

Léocadie


Kalengera, 5 Machi 2019

Mwanangu Joviale,

Umeondoka jana tu na tayari nyumba ni kubwa mno. Nakuandikia kukushukuru, na kukuonyesha kwamba nilikuwa nasikiliza, maana uliniachia somo bila mtihani.

Uligonga F8 kama mvua juu ya bati, mashine ikaamka bila mgeni. Ukaingia pale wanapoorodheshwa wote waliopangishwa, ukamkuta Gardien Total amejiandikisha tarehe 11 Januari, ukamtoa. Ukafuata kijumba chake kilichobaki, ukakifuta, na ile amri aliyoiacha ya kuamshwa kila asubuhi ukaifuta pia. Ukachukua clé uliyokuja nayo, yenye mkaguzi wa kweli, akakagua saa mbili nzima bila kusema neno. Mimi nilikuwa nimezoea kelele, nikadhani amekufa. Alipomaliza akasema wageni watatu. Watatu, mwanangu, siyo 213. Na akawatoa bila kuuliza kadi.

Halafu ukaiambia mashine ionyeshe vilivyofichwa. Nilikuwa nimefumba macho. Mama yako ndiye aliyesema, "Émile, angaliya, batoto bako biko hapa." Katika miaka arobaini na mitano ya ndoa hajawahi kuniita Émile mbele ya mtu. Nikafumbua, wote walikuwepo, kutoka 1974 mpaka 2012, wamepauka kidogo kama nguo zilizoanikwa sana, lakini wote. Sikuweza kusema asante wakati ule. Uliniona. Nasema sasa: asante, Joviale. Ulikuwa unajua tangu barua ya kwanza na hukunivunjia heshima hata kwa mstari mmoja. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Safari hii mkuu ndiye hakusikia la mdogo, na guu limepona kwa mkono wa huyo huyo mdogo.

Uliniuliza swali na nililikwepa mpaka ukapanda lori. Achille hana kosa, na nimemwomba radhi. Tarehe 11 Januari nilibeba mashine parokiani, kwenye mtandao wa Abbé. Nilikuwa natafuta video ya kufundisha wazee kucheza rumba. Tangu tuoane mama yako ananiomba kucheza, na kila karamu nasema mguu unaniuma. Nilitaka nimshangaze siku ya jubilei. Pakatokea dirisha likisema nikitaka kuona video nikubali kwanza kulindwa. Nikakubali. Kisha nikaona ni zawadi nzuri, nikampa na Abbé. Sasa najua kwa nini ulisafisha na mashine ya parokia bila kuniuliza ilivyopatwa.

Mama yako usimwambie.

Baba yako,
Kataliko Émile


Kalengera, 31 Machi 2019

Mwanangu Joviale,

Najua jana ulikuwa msimamizi wa harusi ya dada yako huko Mapendo, na usingeweza kugawanyika. Basi nitakusimulia, na umsimulie Kasereka akirudi.

Abbé alianza kusoma saa tatu na nusu asubuhi. Tulikuwa tumepanga watu wasikilize tu, lakini jina la kwanza la 1974 lilipotajwa, Dieudonné, babu wa wajukuu saba, akasimama wima akasema, "Présent." Watu wakacheka, wakapiga makofi, na baada ya hapo hakuna aliyekubali kuitwa bila kuitika. Wengine walikuja kutoka Beni. Fundi cherehani mmoja aliitika akakaa, kisha akasimama tena kuuliza kama bado nakumbuka alivyovunja dirisha. Nilikumbuka.

Jina la tano lilikuwa la Luc. Luc alifariki zamani, na nilikuwa nimemwambia Abbé nisingependa kumwacha. Abbé akamsoma. Halafu mama yake, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, akasimama kule nyuma. "Luc alishakufa, lakini mama yake iko hapa. Présent." Kuanzia hapo kila asiyekuwepo aliitikiwa na mtu wake: mtoto, mjane, jirani wa shamba. Majina 1,614, Joviale, na hakuna hata moja lililoanguka chini. Ilichukua mpaka saa saba, na hakuna aliyeondoka kwenda kula. Nililia tena, lakini kilio hiki kilikuwa cha furaha.

Na ndiyo, mimi na mama yako tumecheza. Nilimkanyaga mara mbili. Anasema alijua tangu Januari, kwa sababu nilikuwa nafanya mazoezi nyuma ya banda la mbuzi.

Watu walipoanza kusogea kwenye sahani, mwanamke mmoja alinijia. Jina lake Bénita, anauza ndizi kwenye barabara kuu, nimenunua kwake mara nyingi. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Akasema polepole, ili wengine wasisikie, "Mwalimu, miye haukuniita." Aliketi darasani kwangu mwaka 1986, wiki tatu tu, kisha akatolewa kwenda kulea wadogo zake, na hakurudi. Alikuwa amekaa kwenye benchi tangu saa tatu akingoja.

Sikumkumbuka, Joviale, na sikumdanganya. Niliomba peni. Nikamwuliza jina la baba yake, nikaliandika kwa mkono chini ya karatasi ya mwisho, nikamrudisha Abbé kutoka kwenye sahani yake. Watu wote wakarudi kukaa. Abbé akasoma jina lake peke yake, pamoja na mwaka na jina la baba.

"Présente," akaitika kwa sauti kubwa, na waliokuwa wakipita barabarani na pikipiki walisimama kutazama.

Jana jioni nilimwingiza kwenye mashine mwenyewe, nikahifadhi kwenye clé mbili, moja iko kwa Abbé. Wamekuwa 1,615.

Baba yako,
Kataliko Émile